Msaada wa insha: wahusika na ishara katika riwaya ya Fahrenheit 451 (uzi mrefu)

MamaJ_Minnesota:
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Minnesota, kijana wangu yuko darasa la 10. Wanasoma Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, wamepewa insha: chambua wahusika wawili na ishara mbili, onyesha vinavyohusiana. Rasimu yake ya kwanza imerudi na wino mwekundu: hii ni orodha, si uchambuzi. Alichoandika ni kwamba moto ni uharibifu, Mbwa wa Mashine (yule roboti wa kuwinda watu) ni serikali, Clarisse ni uhuru, Mildred ni ujinga. Mimi mwenyewe nimekisoma kitabu wiki hii ili nisibaki nje ya mazungumzo, na kimenikolea kweli, ila fasihi niliagana nayo kidato cha 4. Huyo mwalimu anataka nini hasa? Sitafuti wa kumwandikia mtoto. Nataka nielewe mimi, kisha nibishane naye mezani.

KipangaMzee:
Naweka kambi hapa. Hicho si ndicho kile cha zimamoto wanaochoma vitabu?

MwlFasihi:
Ndicho hicho, mkuu.

Dada, mwalimu wa kijana yuko sahihi. Hata wanafunzi wangu wa kidato cha 5 na 6 nawasahihishia jambo hilo hilo kila mwaka: ishara wanaigeuza kamusi. Kushoto moto, kulia uharibifu, basi, twende swali linalofuata. Kitabu hiki ukikisoma hivyo kitakuumbua, maana moto wa ukurasa wa kwanza sio moto wa kurasa za mwisho. Kabla ya kusema moto unamaanisha nini, uliza uko mkononi mwa nani. Ukishauliza hivyo, mhusika na ishara wamekutana, na swali lako umeshaanza kulijibu.

Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka 1953. Ni Marekani ya siku zijazo, nyumba zote zimejengwa kwa namna ambayo haziungui zenyewe, kwa hiyo zimamoto wamepewa kazi nyingine, kuchoma vitabu pamoja na nyumba zinazovificha. Guy Montag ana miaka 10 katika kazi hiyo. Namba 451 ni joto ambalo kitabu kinasema karatasi hushika moto, kwa kipimo cha Farenhaiti. Kwa Selsiasi ni kama 233.

Sasa tuufuate moto. Mwanzoni Montag anachoma kwa raha, anarudi nyumbani akinuka mafuta ya taa, na anamwambia Clarisse, binti wa jirani, kwamba kwake hayo ni manukato. Usiku huo huo akiutazama uso wa binti huyo anakumbuka utoto wake: umeme ulikatika, mama yake akawasha mshumaa wa mwisho uliokuwamo ndani, na wawili hao wakawa wanatamani umeme usirudi upesi. Hatujatoka hata kwenye kurasa za mwanzo na mtu mmoja ameshabeba mioto miwili. Wa kazini unakula nyumba ya mtu. Wa nyumbani unamwezesha mtoto kuuona uso wa mama yake.

Halafu linakuja tukio la bibi mzee. Zimamoto wamevimwagia vitabu vyake mafuta ya taa, wanamhimiza atoke. Hatoki. Anafungua kiganja, ndani mna njiti moja ya kiberiti cha jikoni. Anawasha mwenyewe. Zimamoto wenye vifaa vyao vyote wanajikuta wanarudi nyuma mbele ya njiti ya kuwashia jiko! Na walipoingia alikuwa ameshatamka maneno ya kuwasha mshumaa Uingereza ambao hautazimwa. Ni maneno ya Askofu Latimer kwa mwenzake Ridley, walipochomwa moto Oxford mwaka 1555.

Wakiwa garini kurudi kituoni, Montag anauliza yale maneno yalikuwa nini. Anayejibu ni nani? Kapteni Beatty, mkuu wa wachoma vitabu. Anataja majina, mji, na tarehe. Kijana wako asimame hapo hapo. Mtu ambaye kazi yake ni kuteketeza vitabu amejuaje?

Dogo wa Chuo:
Mwalimu, mbona Beatty ni adui tu wa kawaida? Kila hadithi ina jambazi wake. Mimi ningeandika Montag na Clarisse nikamaliza mapema.

MwlFasihi:
Ungemaliza mapema na ungepata alama za wastani.

Beatty ndiye mhusika mgumu kuliko wote mle ndani, na mimi namwona ndiye ufunguo wa kitabu. Amesoma kuliko Montag, na katika kunukuu hata Faber, yule profesa mzee, hamfikii. Montag ni mwanafunzi aliyeanza jana. Beatty alivisoma vitabu vyote, akavikuta vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe, akakasirika navyo. Kwa istilahi zetu za darasani, Montag ni mhusika duara kwa sababu anabadilika mbele ya macho yetu. Beatty alibadilika kabla hadithi haijaanza, sisi tunayaona majivu tu.

Ushahidi wake uko kwenye kifo chake. Montag ameamriwa aichome nyumba yake mwenyewe, ameichoma, bado ameshika mtambo wa kurusha moto. Beatty anamchokoza. Anamtukana, anamwambia afyatue, na maneno anayochagua ni ya Brutus kumwambia Cassius kwamba vitisho vyake havimtishi. Hiyo ni Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ile ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka 1963. Waliosoma Juliasi Kaizari wanajua Brutus anaishia wapi: anajirusha juu ya upanga ulioshikwa na mtu wake. Beatty anajua vile vile. Mtu anayesimama mbele ya mtambo wa moto akazungumza kwa sauti ya Brutus anaomba nini?

Baadaye kidogo, akiwa anakimbia, Montag mwenyewe linamjia: Beatty alitaka kufa. Bradbury halifafanui zaidi ya hapo. Kijana akiweza kuunganisha nukuu ile na kifo kile, huyo ameshachambua.

Nesi_wa_Zamu:
Mimi Mildred, mke wa Montag, ndiye aliyenitesa. Nafanya kazi hospitali, ile sehemu ya vidonge niliirudia. Mume anarudi anakuta chupa ya vidonge 30 vya usingizi tupu. Anapiga simu, hawaji madaktari, wanakuja mafundi wawili na mashine, mmoja anavuta sigara, wanasafisha tumbo na kubadilisha damu kama mafundi wa bomba. Wanasema kesi za hivyo wanapata 9 au 10 kila usiku, kwa hiyo daktari wa nini. Asubuhi mwanamke anaamka na njaa, anakataa katakata kwamba alifanya jambo kama hilo. Sasa mtoto wa MamaJ anaandika Mildred ni ujinga? Yule ni mgonjwa.

MwlFasihi:
Nesi, umelisema vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga kulisema.

Mildred kwa juu juu ni mhusika bapa, hageuki tangu mwanzo hadi mwisho. Kuta tatu za sebule yake ni televisheni, na anataka ya nne, itakayogharimu dola 2,000, theluthi ya mshahara wa mumewe kwa mwaka. Watu wa kwenye kuta anawaita familia. Anatumiwa tamthilia kwa posta ambayo imeachiwa nafasi za mtu mmoja, zamu yake ikifika anasema naona ni sawa, au naam kabisa, ndiyo amecheza. Masikioni ana vile viredio vidogo mfano wa kombe la pwani, usiku na mchana, kiasi kwamba baada ya miaka 10 amekuwa hodari wa kusoma midomo ya watu. Hii imeandikwa 1953! Leo piteni kwenye daladala yoyote mhesabu masikio yaliyozibwa.

Ila zile chupa tupu zinaharibu ubapa wote. Mchana anasema ana furaha, usiku mwili wake unasema jingine. Kijana asimhukumu. Aonyeshe pengo lililopo kati ya anachosema na anachofanya.

Kuna na jambo la pili. Montag anamuuliza walikutana wapi mara ya kwanza. Hakumbuki, anacheka, anaingia bafuni, na Montag anamsikia akimeza. Naye Montag hakumbuki. Mwishoni kabisa, vita vimezuka, mabomu yameshaangukia mji na yeye amelala kifudifudi porini, ndipo linamjia: Chicago. Walikutana Chicago. Mwanamke ameshakufa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uchungu kuliko popote, kushinda hata kifo cha bibi mzee.

Mjuzi_wa_Kati:
Wakuu msizunguke. Hiki ni kitabu cha udhibiti wa serikali. Serikali dhalimu, wananchi wanyonge, vitabu marufuku. Mwaka 1953 Marekani walikuwa na seneta McCarthy wakisakana kwa ukomunisti, na miaka 20 nyuma Wanazi walikuwa wamechoma vitabu hadharani Berlin. Mbwa wa Mashine ni polisi. Dogo alikuwa sahihi tangu mwanzo.

MwlFasihi:
Mkuu, mazingira ya kihistoria umeyataja vizuri na kijana ayaweke. Lakini kitabu chenyewe kinakupinga, na kinakupinga kwa mdomo wa huyo huyo Beatty.

Montag amejifanya mgonjwa, yuko kitandani, kitabu cha wizi kiko chini ya mto. Beatty anakuja kumjulia hali, anakaa, anawasha kiko, anatoa mhadhara mrefu. (Na Mildred wakati huo huo anang'ang'ania kuuweka sawa mto wa mumewe, mkono wake unakigusa kitabu. Tukio la vichekesho na la hofu kwa pamoja, lisomeni polepole.) Anasema jambo hili halikushuka kutoka serikalini. Watu wenyewe waliacha kusoma. Vitabu vikafupishwa viwe vipindi vya redio vya dakika 15, vikafupishwa tena, mwisho vikawa mistari 10 au 12 ya kamusi. Kila kundi likalalamika kwamba limekwazwa, waandishi wakaondoa chochote cha kukwaza, kikabaki uji usio na chumvi. Zimamoto walikuja mwishoni kabisa, kufunga mlango wa nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Unaweza kusema Beatty anadanganya, anajitetea. Hiyo ni hoja halali na kijana akiijenga itampa alama. Ila aijenge, asiruke mhadhara mzima akaandika serikali imepiga marufuku.

Na Mbwa. Ana miguu 8, ana sindano ya dawa puani, analala kwenye banda pale kituoni, anaweza kuwekewa kemia ya mtu yeyote akamtafuta. Montag anasema anamsikitikia, kwa sababu wamemjaza kuwinda, kupata na kuua tu, hana kingine atakachowahi kukijua. Sasa umfikirie Montag mwenyewe na miaka yake 10 ya kazi. Mbwa ni kioo chake. Ndiyo maana anamngurumia yeye na si wenzake.

Montag alipotoroka mtoni, Mbwa alipoteza harufu. Televisheni ilikuwa inarusha msako moja kwa moja na watazamaji hawawezi kungoja usiku kucha, kwa hiyo wakamtafuta mtu mwingine yeyote aliyekuwa akitembea peke yake usiku, Mbwa akamrukia mbele ya kamera, wakatangaza Montag amekufa. Polisi peke yao hawahitaji hilo. Watazamaji ndio wanaolihitaji.

Mjuzi_wa_Kati:
Sijashawishika asilimia 100 ila hiyo ya mtu anayetembea usiku nilikuwa nimeisahau. Naendelea kusoma.

BintiPwani:
Mwalimu shikamoo. Nasoma uzi tangu asubuhi na nina ubishi mmoja. Mnampa Beatty kila kitu, Clarisse mmempitia kama abiria. Ni kweli anatoweka mapema. Mildred ndiye anayempa Montag habari kwamba nadhani amegongwa na gari, siku 4 zilizopita, nilisahau kukwambia. Nilisahau! Lakini angalieni anachoacha.

Anapoingia kwenye hadithi, majani makavu yanapeperuka barabarani miguuni pake. Kisha anaanza kumwachia Montag zawadi: siku moja kifuko cha njugu za miti, siku nyingine majani yaliyobanwa kwa pini kwenye karatasi nyeupe na kubandikwa mlangoni. Jani juu ya karatasi. Kwa zimamoto! Sasa nendeni mwisho wa kitabu. Montag anatembea na wale wazee waliohifadhi vitabu vichwani, anajiuliza atasema nini zamu yake ikifika. Anakumbuka Mhubiri, kila jambo kuna majira yake. Halafu anachagua kingine cha kusema watakapofika mjini, Ufunuo 22:2: "na majani ya mti huo ni ya kuwaponya mataifa."

Moto unasemwa na kila mtu. Mimi nasema ishara ya Clarisse ni jani, na hiyo ndiyo inayofunga kitabu. Beatty amekufa na nukuu zake, jani limebaki.

MwlFasihi:
Marahaba mwanangu. Kusema kweli hilo la jani kwenye karatasi nyeupe ningependa ningelisema mimi. MamaJ, hapo una insha ya pili kamili: Clarisse na Montag, jani na moto.

Bado nabaki na Beatty, kwa sababu Clarisse hana mgongano ndani yake, yeye ni foili, yupo ili tumwone Montag vizuri. Bradbury analisema wazi anapoufananisha uso wake na kioo. Na vioo vifuatwe: Montag anawaza kujikonyeza kwenye kioo cha kituoni mwanzoni, anajiona kwenye uso wa Clarisse, na mwishoni Granger, kiongozi wa wale wazee, anasema kitu cha kwanza kujenga ni kiwanda cha vioo, watu wajitazame kwa mwaka mzima. Katikati yake kuna Mildred, ambaye Montag anamwazia kwamba sekunde ile bomu linashuka na kuta za televisheni zinazimika, kwa mara ya kwanza aliuona uso wake mwenyewe kwenye kuta nyeusi.

MamaJ_Minnesota:
Jamani. Nimekaa na kijana tumesoma yote. Ameamua Beatty na Montag, moto na vioo. BintiPwani samahani, jani amelipenda ila anasema darasani kuna binti ameshasema ataandika Clarisse. Swali lake: sehemu ya pili ya kitabu inaitwa Chekeche na Mchanga. Hakuona chekeche popote.

MwlFasihi:
Liko, amelipita haraka. Montag alipokuwa mtoto, binamu yake alimwahidi senti 10 akiweza kulijaza chekeche mchanga, ufukweni, kwenye jua. Kadiri alivyomwaga haraka ndivyo ulivyopita haraka, akaketi akalia. Kumbukumbu hiyo inamjia kwenye treni, ana Biblia mkononi, labda ya mwisho, na amejipangia aikariri kabla hajalazimika kumkabidhi Beatty. Anasoma yafikirini maua ya kondeni, na vipaza sauti vya treni vinapiga tangazo la dawa ya meno ya Denham, tena na tena, mpaka abiria wanagonga miguu kwa mdundo wake. Anainuka anapiga kelele kuliamuru tangazo linyamaze. Abiria wanamwona mwendawazimu.

Asiandike chekeche ni akili. Aeleze tukio: mstari mmoja wa Biblia unashindana na dawa ya meno ndani ya kichwa kimoja, na dawa ya meno inashinda.

Kuhusu kuandika aya zenyewe, namna ninayoifundisha mimi ni kuanza na tukio, dogo kadiri inavyowezekana, kisha nani ameshika kitu, kisha kitu hicho kilikuwa mkononi mwa nani kabla. Mfano: "Montag anapoufikia moto wa wazee porini, anashangaa kuona mikono imenyooshwa kuuelekea. Kwa miaka 10 mikono yake imeushika moto ili uchukue. Hapa anauona ukitoa. Moto ni ule ule, bali safari hii hakuna anayeumiliki." Baada ya hapo ndipo alete mshumaa wa mama na njiti ya bibi. Akishuka kwa mpangilio huo hawezi kurudi kwenye orodha hata akitaka.

Majina msiyakimbilie sana. Ni kweli Montag lilikuwa jina la kampuni ya karatasi na Faber la watengeneza penseli, lakini Bradbury alisema aliliona hilo baada ya kuandika. Sentensi moja inatosha.

Dogo wa Chuo:
Mwalimu weka PDF basi.

MwlFasihi:
Hahaha. Kitabu bado kina hakimiliki, dogo, nenda maktaba. Na kwa hiki maktaba ndiyo mahali pake. Bradbury alikiandika kwenye chumba cha chini cha maktaba ya Powell, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa taipureta za kukodi, senti 10 kwa nusu saa. Rasimu ile ya kwanza ilimgharimu dola 9.80.

MamaJ, kabla sijatoka, angalia nakala ya kijana ni ya mwaka gani. Mwaka 1967 mchapishaji alitoa toleo maalumu la shule lililopunguzwa makali, sehemu kama 75 zimebadilishwa: laana zimeondolewa, utoaji mimba umeondolewa. Kitabu cha kupinga kuhariri vitabu, kimehaririwa! Kwa miaka kadhaa ya 1970 ndilo lililokuwa likiuzwa peke yake, mpaka Bradbury alipokuja kujua, akaandika makala ya hasira mwaka 1979 na maandishi ya awali yakarudishwa. Nakala chakavu za zamani bado ziko kwenye rafu za shule, na ukinukuu kutoka humo utanukuu maneno ambayo hakuyaandika.

MamaJ_Minnesota:
Nimeangalia sasa hivi. Ni chapa ya 2012, laana zote zipo mahali pake. Kijana anasema hizo ndizo alizozikariri bila kufundishwa.

KipangaMzee:
Chekeche la kijana halivuji basi. Nimeagiza nakala yangu, nikimaliza narudi kubishana na Mwalimu kuhusu Faber. Naona mzee wa watu mmemsahau kabisa.